Mpishi Asiyeonja

Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumwona akionja alichopika. Si mchuzi, si dengu, si hata chai. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonifanya nimfuatefuate kama kuku aliyeona mtama, na kwa sababu mimi, Mungu anisamehe, ni mdaku. Mtu akinificha jambo dogo, silali. Na hapa palikuwa na mpishi wa hoteli ya Kihindi, mtaa wa Thongpiny, mjini Juba, ambaye hata Wahindi wenyewe walivuka mji kuja kula kwake, na yeye haonji! Wewe ungetulia?

Mimi ni fundi wa nguo, mzaliwa wa Nakuru. Juba nilikuja na cherehani moja nikisema nakaa kidogo nione, na mpaka leo bado naona. Duka langu liko Jebel, chini ya mlima, na kazi yangu kubwa ni mapazia, aproni na vitambaa vya meza vya mahoteli. Ndivyo nilivyoingia kwake. Mwenye hoteli, Mhindi mzaliwa wa Kampala, kijana kwangu lakini ana kitambi cha mtu mzima, alitaka vitambaa vyekundu, maana manjano ya mchuzi hayatoki kwenye kitambaa cheupe hata uite mganga. Nikapeleka vitambaa, nikakaribishwa kula, nikaanza kuuliza maswali.

Jina analo, lakini hakuna aliyelitumia. Wote tulimwita Mpishi. Wale wa mashirika, wenye vitambulisho shingoni, walipenda kumwita shefu, naye aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. "Shefu iko kwa televisheni," alisema. "Mimi napika." Mambo ya ukoo wake siyajui, na sikuyauliza, jambo la ajabu kwangu. Najua tu kwamba ni mtu wa Kajo-Keji, kule mpakani, na kwamba wakati wa vita alikimbilia Uganda akakaa Jinja miaka mingi. Kiswahili chake alikiokota huko, hakina habari na ngeli, na ndani yake Kiarabu cha Juba kimejichomeka popote kilipopata nafasi. Alikuwa mrefu, mkavu, na kitambaa chake cha mkono kilikaa bega la kushoto daima. Nilipomshonea aproni yenye mfuko, nikijua nimempendelea, alinirudishia siku hiyo hiyo.

"Toa mfuko."

"Mzee, mfuko ni wa kukusaidia."

"Mfuko inafundisha mkono kukaa. Mkono ya mpishi haikai."

Nikautoa, nikinung'unika, na mshono wake ulikuwa mzuri kweli.

Hoteli yenyewe si ya kujivunia kwa macho. Uwanja wenye ukuta, geti la bati, jenereta linalokoroma nyuma, kontena moja la stoo, na viti vya plastiki vilivyopauka kwa jua. Ndege zinazotua uwanja wa ndege wa karibu hupita chini sana hivi kwamba unaacha kuongea mpaka zipite. Lakini ukishakaa, ukaletewa dengu iliyomwagiwa mafuta ya moto yenye bizari nyembamba, ile Wahindi waiitayo jira, na chapati laini iliyofunikwa kwa kitambaa, utasahau ndege, utasahau jenereta, utasahau hata ulikuwa na haraka ya kwenda wapi. Mimi nimewahi kukalia mkasi wangu pale nisijue mpaka niliposimama.

Sasa, palikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Mtu wa kwanza kuingia mchana alikalishwa kwenye meza iliyo karibu na dirisha la jikoni. Hakuulizwa anataka nini. Mpishi mwenyewe alitoka na vibakuli vidogo vya chuma, kimoja cha dengu, kimoja cha mchuzi wa siku hiyo, na chapati nusu. Akaviweka, akafunga mikono mgongoni, akageuza uso ukutani. Hakukutazama ukila, kwa sababu alisema mtu akitazamwa mdomoni hawezi kusema kweli. Alingoja tu. Kisha akauliza, akiuelekea ukuta: "Iko namna gani?"

Ukisema chumvi haijakolea, alirudi akaongeza. Ukisema pilipili imezidi, alitia mtindi. Ukisema iko sawa, hapo ndipo sufuria zilipofunguliwa kwa watu wengine. Kabla ya neno lako hakuna aliyepakuliwa, awe nani. Nimeona mkubwa mmoja, walinzi wake wamejaa getini, akingoja mwendesha bodaboda amalize kutafuna.

Sharti lilikuwa moja tu. "Usinisifu," alisema. "Sema." Na kweli, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yeye hakutaka kuwa mgema huyo.

Basi nikaanza uchunguzi wangu. Nilianza na mhudumu, mwanamke Mganda ambaye wote tulimwita Nalongo, yaani mama wa mapacha, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya Nile. Yeye aliniapia kwamba mzee ana vidonda vya tumbo. Nikamuuliza Hajji, mfanyabiashara Msomali kutoka Garissa, anayeuza mchele na sukari kwa jumla na asiyekosa mchana hata mmoja. Hajji akasema ni nadhiri. "Huyo aliahidi Mungu kitu wakati wa vita," alisema, "na usimuulize, mama, utamharibia." Jirani yangu wa Jebel, ambaye hajawahi hata kufika hoteli ile, alisema lazima kuna dawa ndani ya sufuria na mwenye dawa hali dawa yake. Nikamwambia kama hiyo ni dawa basi mimi nimeshapona kila kitu.

Kilichonichanganya zaidi ni chakula chake mwenyewe. Mchana, wageni wakishapungua, alikaa nyuma ya kontena juu ya kreti ya soda, akafungua kopo alilotoka nalo nyumbani. Ndani ni asida, ugali wao wa mtama, na kudra, mboga inayoteleza kama mrenda. Kila siku. Biriani imejaa jikoni inanukia mpaka barabarani, na mzee anateremsha asida! Na pilipili je? Hata kuigusa kwa ulimi hakuweza. Ikirushwa kwenye mafuta alipiga chafya mfululizo akilaani kwa Kibari, lugha ya kwao, kisha akaendelea na wimbo wa kanisa pale alipouachia. Alikuwa mpiga ngoma wa kanisa lake, na alisukuma chapati kwa mapigo yale yale.

"Mzee, biriani ile yote, na wewe unakula asida?"

"Ile ni ya wageni. Mimi iko mgeni?"

Siku ya jibu alinijibu bila mimi kutegemea, tukichambua dengu pamoja kwa sababu mvua ilinizuia kuondoka. Kuuliza si ujinga, nikauliza kwa mara sijui ya ngapi, na safari hii akanijibu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Kule Jinja alifanya kazi kwenye nyumba ya Wahindi. Mama mkongwe wa nyumba, aliyemwita Ba kama wajukuu zake walivyomwita, alikuwa na rafu jikoni yenye sanamu ndogo ya mungu wao, na kila chakula kilipelekwa pale kwanza kabla ya mtu yeyote kula. Aliyepika hakuruhusiwa kuonja. Kikionjwa, kimekuwa makombo, na mungu hapewi makombo. Siku moja Mpishi, bado kijana mgeni wa mambo, alilamba kidole. Kidole tu! Ba alimwona. Hakumpigia kelele. Alibeba sufuria nzima ya dengu akammwagia ng'ombe wa jirani, akarudi, akaketi chini, akaanza kuchambua dengu nyingine kwa vidole vyake vilivyopinda. Mpishi alisema angependelea achapwe.

"Baada ya hapo akanifundisha na pua," alisema. "Jira mbichi inanuka vumbi. Jira ikiiva inanuka mkate. Ukingoja kidogo tena, kalas, imekufa."

"Lakini mzee, wewe ni Mkristo. Unapiga ngoma kanisani. Yule mungu si wako."

Akapepeta dengu, akapuliza maganda. "Mungu si yangu. Adabu ni yangu." Kisha akaongeza, kama mtu anayeeleza jambo dogo la kazi: "Hapa hakuna ile rafu. Iko mgeni."

Nilirudi Jebel nimetulia kama mtu aliyelipwa. Nilimweleza Hajji kesho yake, naye akatikisa kichwa akasema alijua tu ni nadhiri ya aina fulani. Hajji hashindwi kamwe.

Pua ile, jamani! Barabara ya Nimule, iletayo bidhaa kutoka Uganda, ikifungwa nyanya zinapotea mjini, naye alipika mchuzi kwa ukwaju, akijua kiasi chake kwa kuinamia mvuke. Nikiingia aliniambia, bila kugeuka, kwamba leo nimepita kwenye samaki, au leo nimepiga pasi pazia la sufu. Nilianza kuoga vizuri zaidi siku za kwenda kwake, sitanii.

Lakini pua haionyeshi chumvi, na hapo ndipo desturi yake ilipomtia matatani. Kulikuwa na siku ya mchungaji. Mchungaji huyu alikuwa mgeni mjini, mtu mpole kupita kiasi, wa kuomba radhi hata kiti akikigonga. Asubuhi hiyo Mpishi alitia chumvi kwenye dengu; Nalongo naye, akidhani mzee amesahau, akatia tena kwa moyo mweupe. Mchungaji akaingia wa kwanza. Akala. Mpishi akauliza ukuta iko namna gani. Na mtumishi wa Mungu, machozi yakimlengalenga kwa chumvi, akasema: "Bwana asifiwe, baba, kitamu sana."

Basi ikapakuliwa. Watu walikunywa maji mpaka mitungi ikaisha. Hajji alitia tonge moja mdomoni akasimama wima. "Ala! Leo mmepika Bahari ya Shamu?" Mwenye hoteli akakimbilia jikoni, na Mpishi akamjibu kwa utulivu kamili kwamba mgeni wa kwanza amesema iko sawa, na yeye hana neno juu ya neno la mgeni. Hakuongeza hata kikombe cha maji. Siku nzima! Tulimsihi, tukamcheka, tukamkasirikia. Niliwaza kwamba hapo ukaidi umevaa kanzu ya adabu, na nikamwambia hivyo hivyo. Akaniambia kwamba asipoliamini neno la mgeni siku moja, atakuwa anaigiza siku nyingine zote.

Mchungaji aliporudi wiki iliyofuata, Mpishi alimpokea kwa heshima zote, akampeleka meza ya mbali kabisa. "Wewe, baba, utuombee tu," alimwambia. "Kusema iko kwa wengine."

Watu wa Juba, ninavyowaona mimi, ni wagumu kwa mengi lakini kwa mwenyeji wao ni wapole mno. Ukimpa mtu chakula atasema kweis, kweis, yaani kizuri, hata kama anakisukuma kwa maji. Kwa hiyo Mpishi aliwapenda wageni wabishi. Alimpenda Hajji kwa sababu ya mdomo wake. Alimpenda fundi mmoja wa kuchimba visima, Mhindi wa kutoka kwao moja kwa moja, ambaye alikemea kila kitu mpaka umbo la chapati. Nami, nadhani, alinipenda kwa sababu nikiulizwa sijui kunyamaza. Nikiwahi kufika, nilikaa kwenye meza ile na kusema niliyoyasema: leo tangawizi imezidi, leo mchele umeloa, leo usiguse kitu. Akiambiwa usiguse kitu, hakutabasamu. Aliivuta tu aproni yake, akaingia ndani.

Halafu msimu wa mvua akaugua. Homa ilimweka kitandani mpaka tukaanza kuulizana kama atarudi, na jikoni Nalongo akapika maharage na wali watu wakavumilia. Aliporudi alikuwa mwembamba zaidi, aproni inamzunguka mara mbili. Tulimshangilia. Mwenye hoteli alimkumbatia mbele ya watu. Mgeni wa kwanza siku hiyo alisema kitamu, na wa kesho yake, na wa kesho kutwa, na nani angesema vingine, mzee wa watu ametoka kaburini?

Mimi kipindi hicho nilikuwa na kazi ya mapazia ya hoteli kubwa karibu na mto, sikupata nafasi ya kwenda mapema. Nilikwenda saa za mwisho, nikala, nikaona kama dengu ina uchungu kidogo. Nikadhani ni mdomo wangu. Mara nyingine mchuzi ulinuka moshi. Hajji alikuwa akiacha nusu ya sahani, jambo ambalo halijapata kutokea tangu dunia iumbwe, na nilipomuuliza aliangalia chini. "Mzee ametoka kuugua, mama," alisema. "Tumpe muda."

Nikajua ukweli kwa maziwa. Nilipeleka vitambaa vilivyofuliwa, nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, na harufu ikanigonga usoni: maziwa yameungua, yamefurika, yanachemka juu ya chuma, moshi umejaa. Na Mpishi yuko pale pale, ameyapa mgongo, anakata vitunguu, anaimba.

"Mzee! Maziwa!"

Akageuka. Aliyatazama kwa macho, na ndipo akaruka kuyatoa. Nikasimama. Naye akasimama, sufuria mkononi. Haki ya nani, nilimwona amejua kwamba nimejua.

"Hunusi," nikasema.

"Tangu homa," akasema. "Hakuna kitu. Jira, moshi, mvua, hakuna."

Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia, mwambie mwenye hoteli. Akakataa. Hapo ndipo aliponieleza jinsi mambo yalivyofika mbali. Wateja wa alasiri walikuwa wakilalamika, si kwake, kwa mwenye hoteli, kwa kunong'ona. Na mwenye hoteli alikuwa amemwita akamwambia kwa upole kwamba kuna mpishi Kampala yuko tayari kuja. Jumapili ya sikukuu yao ya taa, familia za Kihindi za mjini zitakula mchana hapo, kama kila mwaka. Wakiridhika, mzee anabaki. Wasiporidhika, amshukuru Mungu kwa miaka aliyofanya kazi, akapumzike.

"Mimi hapana ogopa pua," Mpishi alisema. "Pua imeenda, lakini iko mgeni wa kwanza. Akisema imeungua, nitapika tena. Lakini hawasemi, binti yangu. Kila siku nauliza. Kweis, kweis, kitamu, mzee, pole na ugonjwa. Wananipenda mpaka nifukuzwe."

Nikaokota kitambaa nikaanza kufuta jiko.

"Jumapili uje mapema," akaniambia. "Usinihurumie."

Jumapili hiyo niliikosa ibada yangu, Mungu anajua kwa nini. Nilipanda bodaboda Jebel nikiwa na kilemba changu cha kanisani na gauni la maua, maana nilimuaga mtoto wa dada yangu nikisema nakwenda kusali. Nilipoingia getini Nalongo alinivamia. Meza zilikuwa zimeunganishwa, vitambaa vyangu vyekundu vimenyooshwa, maua ya plastiki kila pahali. Mwenye hoteli alikuwa mlangoni mwa jikoni, shati jipya, jasho tele.

"Mama, nakuomba," Nalongo akaninong'oneza, akinishika mkono hadi ukauma. "Leo sema kitamu. Bosi amesimama pale anasikiliza. Ukisema kibaya mbele yake, wewe ndiye umemfukuza mzee."

Nikaketi kwenye meza ya dirishani. Nikanyoosha pindo la kitambaa nilichokishona mwenyewe. Mpishi akatoka na vibakuli. Aproni nyeupe, kitambaa begani, uso hauna habari. Akaweka, akafunga mikono mgongoni, akageukia ukuta. Vidole vyake nyuma ya mgongo vilikuwa vimekamatana.

Dengu ilikuwa chungu. Si chungu kidogo, chungu ya kukunja uso: uwatu umeungua kwenye mafuta mpaka ukawa mkaa, na jira pamoja nao. Nilimeza kwa shida. Nikamtazama Nalongo, amebana mikono kifuani kama anayeomba. Nikamtazama mwenye hoteli, hapepesi macho. Neno kitamu lilikuwa pale pale kwenye ulimi, jepesi, lingetoka hata kabla sijaliita.

"Iko namna gani?" Mpishi akauliza ukuta.

"Imeungua," nikasema. "Uwatu umeungua, jira imeungua, mafuta yote yameharibika. Mzee, hii hailiki."

Nalongo akasema, Yesu wangu! Mpishi hakugeuka kwanza. Mabega yake yalishuka, polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo, kisha akageuka akanitazama moja kwa moja, jambo ambalo hajapata kulifanya mtu akiwa mezani.

"Hailiki kabisa?"

"Kabisa."

Akaingia ndani, akabeba sufuria ile kubwa, akapita nayo mbele ya mwenye hoteli, akaimwaga nyuma ya kontena. "Mzee, wageni wako njiani!" mwenye hoteli akalia. "Watangoja," Mpishi akajibu. Akapandisha dengu nyekundu nyingine, ile isiyochukua muda. Kisha akaniita nisimame mlangoni. Nikasimama na kilemba changu, moshi ukinipiga usoni. Akarusha jira kwenye mafuta.

"Sema."

"Bado. Inanuka vumbi."

"Sema."

"Bado, bado... sasa! Mkate! Sasa!"

Akatoa sufuria motoni kwa mkono mmoja, akayamwaga mafuta juu ya dengu, nayo ikalia kwa furaha, na jiko zima likanukia kama zamani. Mwenye hoteli alikuwa amesimama nyuma yangu. Ameyaona yote.

"Mzee," akasema. "Hunusi?"

"Sinusi."

"Tangu lini?"

"Tangu homa."

"Na kwa nini hukuniambia?" Sauti yake ilipasuka kidogo, alikuwa amelelewa na chakula cha mtu huyu tangu ujana wake hapa. "Mimi si mwanao? Kwa nini hukuuliza mtu akusaidie?"

Mpishi alifuta mikono. "Niliuliza," akasema. "Kila siku, pale mezani. Niliwauliza wote."

Mwenye hoteli akageuka akaitazama meza ya dirishani. Wageni walianza kugonga geti. Alikwenda akachukua kibakuli mwenyewe, akapakua dengu, akala amesimama. Alikula mpaka akamaliza. Halafu akasema chumvi kidogo, mzee, na Mpishi akaongeza chumvi kidogo. Sikukuu ile watu walikula, wakaomba tena, na yule fundi wa visima akakemea umbo la chapati tu, basi, akanyamaza. Jioni haijafika mwenye hoteli alimpigia simu mtu wa Kampala asisumbuke kuja. Na akamtangazia Nalongo, kwa sauti ya kubishana, kwamba kuanzia kesho meza ya dirishani ni yake yeye, na kwamba jira ikirushwa aitwe aje asimame mlangoni.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya kontena, juu ya kreti, nimevua viatu. Mpishi akaja akaketi kando yangu. Alichoka, na alionekana mzee, na kwa mara ya kwanza hakuimba.

"Ile ya kwanza," akaniuliza, "ilinuka kama nini?"

Nikafikiri. "Kama nywele zilizoungua kwenye saluni, mzee. Na tairi."

Akacheka. Alicheka akashika mbavu, akakohoa, akacheka tena, mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Akayafuta kwa kile kitambaa cha begani.

"Malesh," akasema, akiomba radhi kwa machozi yake. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ile iliyonukia vitunguu ambavyo yeye havinusi. "Asante, binti yangu. Wewe umekataa chakula yangu."

Nikalia pale pale, mtu mzima, na kilemba changu cha kanisani.